Baveti za Nyuma

Rangi ilikuwa mpya na namba ya gari ilikuwa mpya, lakini lile kovu la kuchomelea chini ya mlango wa nyuma lilikuwa kazi ya Kambere mwenyewe.

Alilala chali chini ya gari hilo la jipu, kwenye gereji yake ya mtaa wa Katindo, akaligusa kovu kwa kidole mara mbili. Hakukosea. Lilikuwa jipu la Éphraïm, mdogo wake, aliyepotea nalo miezi mitatu iliyopita kwenye barabara ya Rutshuru. Familia ilikwisha kukaa matanga bila maiti. Ni Masika tu, mke wa Éphraïm, aliyekataa kuvaa nyeusi, na watu walikuwa wameanza kumsema.

Na sasa gari limekuja lenyewe, limepakwa kijivu juu ya nyeupe, likiendeshwa na kijana aliyejiita Achille.

"Muzee Kambere," kijana alisema, ingawa hakuna aliyemtajia jina hilo, "uniwekee bavettes za nyuma. Uzikaze kabisa. Njia ya Vitshumbi iko na matope mingi, na majiwe."

Baveti ni zile ndimi za mpira zinazoning'inia nyuma ya magurudumu. Kambere huzikata mwenyewe kutoka kwenye mpira wa lori, na hajifichi kusema kwamba mjini hakuna anayemfikia.

"Hii jeep ulinunua wapi?"

Achille alimtupia jicho mtu mwenye bunduki aliyeketi kwenye benchi, akingoja tairi la pikipiki yake lizibwe. "Ni ya mutu. Mimi ni shofere tu." Akapunguza sauti. "Fanya mbio, papa."

Mtu safi haogopi hivyo. Ndivyo alivyowaza Kambere, na sijui nani angewaza vingine. Alimwona akigeuka kila pikipiki ilipopita. Huyu ni mwizi, au ni zaidi ya mwizi. Damu ilimchemka. Amshtaki kwa nani? Mwenye bunduki alikuwa pale pale, na huenda walikuwa kitu kimoja.

"Utapakia?" aliuliza.

"Kwenda niko peke yangu. Kurudi, kesho, nyuma itakuwa nzito."

Kambere akaitikia kwa kichwa. Aliijua mizigo ya watu wa namna hiyo: vyerehani, magodoro na masufuria ya waliokimbia makwao.

Baveti hufungwa kwa bolti, na fundi mwenye akili huelekeza kichwa cha bolti kwenye tairi, ncha ikabaki upande wa pili. Kisha huomba watu watatu wakae nyuma, gari lishuke, aone kama kuna kinachogusa. Hatua hiyo Kambere hakuwahi kuiruka, hata kwa mteja mwenye kelele. Siku hiyo aliiruka. Kwenye gurudumu la kushoto alichagua bolti ndefu, akainoa kwa tupa, akaifunga juu kabisa, ncha ikitazama tairi. Gari likiwa tupu, palibaki nafasi ya vidole viwili. Likipakia, likianza kurukaruka kwenye mteremko wa Kibumba, ncha ingekula ubavu wa tairi mpaka lipasuke. Akaipaka grisi nyeusi isionekane.

Hakuona huruma. Aliona raha, na raha ile ilimtisha kidogo, lakini nati aliikaza.

Achille alizivuta baveti kwa mikono miwili. Hazikutikisika. Akamshika Kambere mkono, akaushikilia kuliko kawaida, akafungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Yule wa pikipiki akakohoa. Kijana akaachia mkono, akapanda, akaondoka.

Kesho yake Kambere hakufanya kazi ya maana. Kila dereva aliyetoka upande wa kaskazini alimuuliza habari za njia, akijifanya anauliza tu. Kichwani aliliona jipu limelala miguu juu kwenye mawe. Alijiambia kwamba ni haki ya Éphraïm. Baada ya muda akajiambia tena, kwa sababu mara ya kwanza haikumtosha.

Saa tisa alasiri Masika aliingia gereji mbio, amevaa kitenge chake cha sikukuu, chekundu. Kambere aliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

"Masika, watu watasema nini?"

"Waseme." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, simu imebanwa kifuani. "Shemeji, ukae kwanza. Walinikataza kusema, hata kwako, mpaka wapite barrière ya mwisho ya watu wa bunduki. Wamekwisha kupita."

"Akina nani?"

"Achille alitaka kukuambia jana, akaona ule mutu wa bunduki. Ni wavuvi wa Vitshumbi walimuficha, Shemeji, hii miezi yote, na jeep wakaigeuza rangi na namba isijulikane. Muguu ilivunjika, haikunjiki, basi wamemulalisha nyuma ku godoro, wavuvi watatu wanamushikilia asirushwe."

Kambere aliutazama mdomo wake.

"Éphraïm yuko muzima," Masika alisema. "Amenipigia sasa hivi. Wako Kibumba, wanaanza kushuka."