Kiganja cha Bi Raya

"Binti yangu Salme," sheikhe aliuliza nyuma ya pazia, "umeridhia baba yako akuozeshe kwa Nassor?"

Salme alivuta pumzi. Mama yake, Bi Raya, alilijua neno litakalotoka, maana asubuhi alilisikia jikoni: sitaki. Akamziba mdomo kwa kiganja.

Sheikhe akauliza tena, akasubiri.

"Mwali ana haya huyu," baba mtu akacheka. "Kimya chake ndiyo idhini."

Vigelegele vikapigwa. Salme hakumsukuma mama yake. Alimtazama tu, machozi yakimlowesha vidole.

Wanawake wakaja kutoa hongera. Bi Raya akawapa mkono wa kushoto.

"Wifi, mkono gani huo?" shangazi mtu akamtania. "Furaha imekuzidi?"

Ndani ya kanga, kiganja cha kulia kilikuwa bado hakijakauka.