Kamba ya Nyumba ya Wazee

"Rudi hapo hapo, Felista! Ukivuka kamba hii nakuchapa fimbo!"

Felista alisimama, sufuria ya uji wa uwele kichwani. Aliyemfokea ni Mzee Alute, ambaye siku zote alimwita mwanangu. Felista ndiye aliyekuwa mpishi wa Nyumba ya Wazee, ile ambayo kijiji cha ujamaa kiliwajengea wasioweza tena kwenda shamba la pamoja. Mama yake mzazi alikaa humo. Sasa kamba ya katani ilikuwa imeizunguka nyumba na jiko lake. Wazee waliifunga wenyewe Jumatatu, siku Felista aliporudi kutoka kijiji cha Mkiwa kumzika shangazi. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia Mkiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka uji juu ya jiwe, uende."

"Nimwone mama tu, hata kwa mbali."

"Hataki. Anasema unanuka Mkiwa."

Neno lile lilimchoma. Akainama kuokota vibuyu vya jana.

"Acha vyombo! Vyombo vyenu hatuvirudishi!"

Kisimani jirani yake Yunisi aliposikia habari hiyo alicheka mpaka ndoo ikamwagika. "Chombo cha jirani hurudi na chumvi. Chao hakirudi kabisa! Wazee wetu wamekuwa wazungu. Na juzi wameomba jembe. Kiangazi hiki wanalima nini, vumbi?"

Felista hakucheka. Kila asubuhi alijipapasa tumbo, akiogopa asije akawa yeye ndiye atakayewapelekea wazee ugonjwa. Angesikia mama anaumwa, angeivuka kamba ile, achapwe asichapwe, na nusu ya kijiji ingemfuata. Mgonjwa haachwi peke yake, wala maiti haioshwi na mtu baki. Lakini mama alikuwa amenuna tu, na aliyenuna husubiriwa. Akaendelea kuchemsha maji na kupika nyumbani kwake, kuweka juu ya jiwe na kurudi.

Siku ya tisa tangu kamba ifungwe alikuta uji wa jana haujaguswa, nzi wametanda.

"Baba Alute! Hodi!"

Kimya. Akainua mguu avuke. Mkono ukamdaka khanga kwa nyuma. Alikuwa Kefa, Bwana Afya, ndiyo kwanza anashuka kwenye baiskeli.

"Subiri hapa, dada."

Kefa alivaa buti za mpira, akaingia. Alikaa sana. Alipotoka hakumtazama usoni.

"Kuna makaburi matano nyuma ya jiko, yamepangwa vizuri. La kwanza ni la mama yako. Pole, dada. Walimzika Jumapili."

"Jumapili ipi? Kamba wameifunga Jumatatu!"

"Jumapili kabla ya kamba. Kipindupindu kilianzia humu ndani."

Kefa alinawa mikono kwa maji ya dawa, akanawa tena.

"Mzee Alute bado ana pumzi kidogo, ndiye aliyenieleza," alisema. "Anauliza kama huko kijijini kuna aliyeugua."