Mkoba wa Bi Tatu

Salha alifika barazani kwa Bi Tatu na barua ya ofisi ndani ya mkoba wa ukili ambao Bi Tatu mwenyewe alimsukia alipohitimu sheria, kwa nakshi aliyoibuni mwenyewe. Mwezi wake wa kwanza kazini, mteja mmoja aliusifia mkoba ule, akaupiga picha, na Salha ndiye aliyemjazia fomu za kusajili nakshi ile kuwa mali ya mteja huyo. Sasa barua ilimkataza Bi Tatu kuisuka tena.

"Karibu, wakili wangu," alisema Bi Tatu. "Majirani nimewaringia wewe mpaka wamenichoka."

"Nimekuletea barua, Bi Tatu."

"Basi nisomee, mimi na herufi hatujuani. Na huo mkoba mbona kishikio kimefumuka? Hebu lete."

Bi Tatu akaupokea mkoba, akatoa bahasha ndani yake na kumkabidhi Salha, kisha akaupakata mkoba na kutunga ukindu kwenye sindano.

Salha alifungua bahasha. Chini kabisa ya barua palikuwa na sahihi yake mwenyewe.

"Soma, mwanangu, nakusikiliza," Bi Tatu alisema bila kuinua uso, sindano ikizama kwenye nakshi ile ile na kutokea upande wa pili.