Mti wa Mzee Shekue

Mjini mle wafu hawakuzikwa tena. Walipandwa miti katika bustani kongwe ya umma, na mti ulichanua ukiguswa na mkono ambao marehemu aliupenda.

Kila Ijumaa Bi Mwanakombo aliushika mti wa mumewe, Shekue, asipate hata chipukizi. Leo mke mwenzake, Bi Mashavu, aligusa gome kwa kidole tu, maua yakafumuka mti mzima.

“Kitendawili, bi mkubwa!” Mashavu akacheka. “Aliyepika miaka arobaini hakushiba, aliyeonja kavimbiwa.”

“Sikupi mji!” Mwanakombo akamgeukia mtunza bustani. “Nikifa nipande hapa ubavuni pake, mizizi yangu imbane.”

“Hapo pameshachukuliwa, mama. Ni pa yule bibi anayekuja kila Jumanne.”

Kicheko cha Mashavu kikakatika.