Swali la Mwisho Kabla ya Sindano

Mwalimu wa mazoezi, mwenye kifua kipana kama kabati la nguo, alilala kifudifudi, suruali imeshushwa, feni ikimpuliza makalio bila heshima. Daktari alimpaka dawa ya baridi nyongani. Hapo ndipo sindano ingezama hadi kwenye uboho wa mfupa, ichote seli shina za kupandwa kwenye korodani zake, ambazo hazikuwa na mbegu hata moja. Kwa ajili ya mtoto, alikuwa radhi kutobolewa kama chujio.

"Matibabu haya bado ni ya majaribio," daktari alisema. "Swali la mwisho. Umewahi kujidunga homoni za kujaza misuli? Hizo huzima mbegu. Kama unazitumia, tunajisumbua bure."

"Huyu?" Mke wake alicheka, shati la mumewe mikononi. "Huyu akiona sindano anamwita mama yake! Mimi ndiye nimemaliza dawa za uzazi za mji mzima, mama mkwe akiniita shamba la mawe."

Kidole cha daktari kilisimama kwenye tako la kulia, juu ya vidoti vyeusi, vingi, vimebanana kama chawa kwenye mshono.

"Hivyo ni vya kuumwa na mbu," mke alieleza. "Aliniambia mwenyewe."

Daktari hakuondoa kidole.

Misuli yote ya mwalimu ilianza kutetemeka.

"Mke wangu," alisema ndani ya mto, "hebu toka nje kidogo."

Mke aliliachia shati likaanguka. Akavuta kiti, akaketi.