Kombati za Walinzi wa Hoteli

Katika duka lake la ushonaji huko Uarabuni, Makame alikuwa akimpima mpwa wake kifua pale msimamizi wa kampuni ya ulinzi alipotua jora la kitambaa mezani. Kilikuwa kitambaa kizito cha kijeshi, chenye mabaka ya rangi ya mchanga.

"Si mlisema huyu atalinda hoteli, hapo mtaa wa Al Sadd?" Makame aliuliza kwa Kiarabu.

"Wewe shona, fundi. Acha nafasi kifuani. Ndani watavaa fulana ya kuzuia risasi."

Kijana hakujua Kiarabu. Alikipapasa kitambaa, akatabasamu. "Mjomba, wenzangu kule Unguja wakiniona na hii, watakoma."

"Nguo hii imetengenezwa mtu asionekane."

Msimamizi alichukua chaki, akachora kijimraba kwenye kitambaa. "Hapa utatarizi kundi la damu la kila mmoja. Muulize lake."

Futi ilikuwa bado imezunguka kifua cha kijana. Chini ya vidole vyake, Makame aliuhisi moyo wa mpwa wake ukipiga taratibu, bila wasiwasi wowote.

"Anasemaje, mjomba?"

Makame aliinama kama anayesoma kipimo. "Wanakupeleka vitani," alisema kwa Kiswahili. "Mgonjwa hawamchukui. Anguka."

"Nini?"

"Anguka sasa hivi, mwanangu."