Asali ya Mfadhili

Haya, sogeeni niwape umbea. Tumbili, nahodha wa timu ya taifa ya voliboli, alililia kombe la vilabu ng'ambo, lakini nauli hana. Nyuki muuza asali akamwambia, “Nawafadhili, ila mjiite Klabu ya Nyuki, na mikono mpake asali yangu.”

“Shangazi, mpira utanata, tutafungwa!”

“Basi nendeni kwa miguu.”

Wakapaka. Fainali, seti ya kwanza, mpira uliwaganda viganjani, na mabingwa Nyegere wakawazomea. Seti ya pili Tumbili akaubandua, ukavuka wavu umelowa asali. Nyegere mmoja akaudaka, akaulamba.

“Rusha, mlafi we!” Wenzake wakamnyang'anya, nao wakalamba, ikawa hivyo kila seti iliyofuata.

Kombe wakalichukua kina Tumbili. Nahodha wa Nyegere alipomshika Tumbili mkono kumpongeza, hakuuachia mpaka alipoulamba wote.